Watani Watatu na Pete za Kaboni

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa kiwandani ananiuliza kama ni kweli nilikufa Masumbwe. Jibu ni ndiyo, ila si kwa muda mrefu. Habari hiyo sasa inasimuliwa kwa namna nyingi, na kuna mmoja, simtaji, amefikia kusema kwamba nilizikwa. Nimeona afadhali niiandike yote kwa utaratibu, ili anayetaka kunicheka acheke kwa usahihi.

Kwanza sababu ya safari. Masanja, ambaye wengi wenu mlimjua alipokuwa akitia mafuta mashine hapa kwenye kiwanda cha pamba, sasa ni mwangalizi wa turbini ya mvuke katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita. Turbini hiyo ilikuwa ya meli. Meli ilipovunjwa, mashine ikauzwa, na leo inazungusha jenereta katikati ya pori, ikilishwa kuni za miombo badala ya makaa. Umeme wake ndio unaoendesha pampu za kutoa maji chini ya mgodi.

Turbini hiyo iliugua ugonjwa wa ajabu. Masanja akiwa peke yake ilifanya kazi vizuri, lakini kila injinia alipokuja kuitazama ilikuwa inapoteza nguvu. Injinia aliona Masanja anamdanganya, na Masanja aliona mashine haimpendi injinia. Mwishowe injinia alisema wabadilishe pete za kaboni, na ugonjwa usipopona baada ya hapo, Masanja aende kukata kuni na kazi yake apewe mtu mwingine. Pete za kwanza zilifika ndani ya lori la mizigo zikiwa vipande vipande. Za pili zilikuja kwa garimoshi hadi stesheni ya Shinyanga, na Masanja akaniomba nizipeleke kwa mkono wangu na nimsaidie kuzifunga, kwa kuwa wakati wa vita nilifanya kazi ndani ya meli yenye turbini ya namna hiyo.

Pete moja ina vipande vitatu vinavyoizunguka shafti, yaani mhimili unaozunguka wa mashine, na kushikwa pamoja kwa springi nyembamba. Kaboni huteleza kwenye shafti bila kuikwaruza, na huo ndio uzuri wake. Ubaya wake ni kwamba ukiidondosha inakatika kama biskuti. Nilizipanga ndani ya sanduku la mbao, nikashindilia pamba, nikalifunga sanduku kwa kitambaa cha marekani na kamba, nikapiga fundo langu la melini.

Sasa jambo la pili, ambalo bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Mimi ni Mzaramo. Njia yote ile, kuanzia hapa mpaka mgodini, inapita kwa Wasukuma, Wanyamwezi na Wasumbwa, na wote hao ni watani wangu. Mtani ana haki ya kukutukana mbele ya wakwe na kuchukua kitu chako mchana kweupe. Wewe una haki ya kukikomboa, au kulipiza. Haki ya kukasirika huna.

Shinyanga hadi Isaka

Garimoshi halikunipa taabu yoyote isipokuwa bibi mmoja aliyekuwa na jogoo. Jogoo alilipenda sanduku langu kwa kuwa lilikuwa jeupe na laini juu, akataka kulala hapo. Nililibeba kichwani mpaka Isaka. Abiria wengine walidhani nimebeba kitu kitakatifu, wakanipisha.

Isaka nilitakiwa kupanda lori la mfanyabiashara mmoja Mhindi wa Kahama. Dereva wake, Ramadhani, aliniambia tunaondoka sasa hivi. Nilizunguka upande wa pili wa lori nikaona halina gurudumu la nyuma. Nikamuuliza. Akasema gurudumu linakuja sasa hivi pia.

Nikaenda kula kwa Mama Shija, anayepika chini ya paa la nyasi ng'ambo ya reli. Aliniwekea ugali wa mtama, mlenda na maziwa mgando, akanisalimu "Mwadila." Nilijibu "Mwadila" kwa namna ambayo ilimfanya aache upawa.

"Wewe si wa huku," alisema. "Kabila gani?"

Mtu mwenye akili angesema Mmanyema. Mimi nilisema kweli. Mama Shija alinyoosha mkono, akanivua kofia, akaifunika juu ya chungu cha maziwa kuzuia nzi, kisha akanisukumia ungo wa karanga. Sikuambiwa chochote. Nilianza kumenya. Nilikuwa na hakika nitapata kofia haraka kwa sababu nilijiwekea utaratibu: kupasua kwanza, kupepeta baadaye, zilizooza pembeni. Mama Shija alinitazama kwa muda, halafu akawaita wenzake waje waone.

"Mtumwa wangu huyu anamenya karanga kama anamvua nguo bibi harusi," alisema. "Ni karanga, mtani. Hazitakukimbia."

Nilimjibu kwamba sisi kwetu bibi harusi huwa hanuki mlenda. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini, na kofia yangu ikarudi ikiwa na harufu ya maziwa, ambayo haijaisha hadi leo. Wakati huo gurudumu nalo lilikuwa limefika, likivingirishwa barabarani na mtu aliyelitoa kijiji cha pili.

Isaka hadi Kahama

Nilikaa mbele na dereva, sanduku mapajani. Kila lori liliporuka nililiinua juu kidogo, kama mtu anayemnyanyua mtoto aliyelala. Ramadhani alivumilia. Tulipofika Kahama na kusimama kupakia chumvi, aliniuliza waziwazi nimebeba nini, maana kama ni dhahabu ninaipeleka upande usio wake.

Karibu nasi wanaume kadhaa walikuwa wamekizunguka chungu cha pombe ya mtama, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mimi sinywi, lakini sijawahi kuona kifaa bora cha kufundishia. Nilimwonyesha mmoja wao ambaye mrija wake ulikuwa na ufa. Alivuta mpaka mashavu yakaingia ndani, na pombe haikupanda, kwa sababu alikuwa anavuta hewa kupitia ule ufa. Nikamwomba aushushe mrija ili ufa uzame ndani ya pombe. Alivuta tena, ikapanda. Ufa haukuwa umezibwa. Ulikuwa unavujisha kama mwanzo, ila sasa ulivujisha pombe badala ya hewa.

"Turbini ni hivyo hivyo," nilimwambia Ramadhani. Mvuke unaingia upande mmoja kwa nguvu, unazungusha shafti, unatokea upande wa pili na kuingia kwenye kondensa, ambako unapozwa na kugeuka maji. Maji yanachukua nafasi ndogo sana, kwa hiyo ndani ya kondensa panabaki utupu, na utupu huo ndio unaovuta mvuke upite kwa nguvu zaidi. Lakini shafti lazima ichomoze nje ya kasha, na pale inapochomoza, mahali mafundi tunapopaita glandi, pana upenyo. Upande wenye mvuke mkali, mvuke unataka kutoka. Upande wenye utupu, hewa ya nje inataka kuingia, na ikiingia, utupu unakufa. Pete za kaboni zinaupunguza upenyo, lakini hauwezi kuzibwa kabisa, maana shafti inazunguka kwa kasi ambayo ingeunguza chochote kinachoibana. Kwa hiyo tunapeleka mvuke kidogo kwa bomba dogo katikati ya pete. Nusu unaingia ndani na hauna madhara, nusu unatoka nje kama moshi wa sigara. Ukiuona moshi huo, ujue hewa haipati njia.

Ramadhani alifikiri. "Kwa hiyo unapeleka kitu cha kuzuia kuvuja," alisema, "na kikifanya kazi vizuri kabisa, kinavuja."

"Ndiyo."

"Mimi nitaendesha lori tu."

Mwenye mrija wenye ufa alinishukuru, "Wabeja sana," akaniuliza kama mgodini wanahitaji mtu wa kuvuta.

Masumbwe

Tulifika Masumbwe alasiri, na Ramadhani akasimamisha lori ili amsalimu shangazi yake, mimi nikaketi kando ya barabara. Hapo nikakutana na Kulwa.

Kulwa ni Msumbwa, mtu mzima wa rika langu, mwenye baiskeli iliyobebeshwa magunia mawili. Huuza karanga na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kwa wachimbaji wa migodini. Ramadhani, kabla hajaenda kwa shangazi, alinitambulisha kwa kabila badala ya jina. Kulwa aliniamkia kwa adabu, akaniuliza habari za safari, habari za nyumbani, habari za watoto, na nilipokuwa bado najibu habari za watoto akalichukua sanduku mapajani pangu, akaondoka nalo.

Nililipima jambo hilo kwa makini. Nikipiga kelele kwamba kitu kile ni cha thamani, atataka ukombozi mkubwa. Nikinyamaza, atalitikisa asikie kuna nini. Nikikasirika, nimeshindwa, na kijiji kizima kitasimulia. Tayari alikuwa amelinyanyua karibu na sikio.

Nikaamua kufa. Nilijinyoosha barabarani chali, mikono kifuani, nikafumba macho.

Mnajua nilichokuwa nategemea. Mzaramo akifa ugenini, watani wake hawana budi kumshughulikia: kuchimba, kubeba, na kuvilinda vitu vyake mpaka vifike kwa ndugu. Vitu vya marehemu havitikiswi. Nilisikia Kulwa akisimama. Nilisikia watu wakija mbio, kisha mtu mmoja akiuliza nimekufa kwa nini, na Kulwa akijibu kwa huzuni kubwa, "Uvivu. Ulimwanzia miguuni."

Basi wakanililia. Wanawake wa Masumbwe wanajua kulia utani. Mmoja aliomboleza kwamba nimeondoka kabla ya kujifunza kuoga. Mwingine alilia kwamba sasa nani atawalia kuku wao. Walinimwagia unga kidogo usoni, wakabishana kama kaburi langu liwe refu au fupi, wakaamua fupi kwa kuwa hata roho yangu ni fupi. Nilivumilia yote macho yamefumbwa, kwa sababu maiti hafumbui macho, na kwa sababu nilijua kila dakika inayopita sanduku limewekwa chini kwa heshima.

Mwishowe Kulwa alitangaza kwamba marehemu anaruhusiwa kufufuka ili apande lori, maana hakuna aliye tayari kumbeba. Nilifumbua macho. Sanduku lilikuwa mbele yangu, juu ya kigoda, limefunikwa kanga. Kulwa alilibeba mwenyewe kwa mikono miwili mpaka kwenye lori, kichwa amekiinamisha. Niliona kwamba fundo la kamba halikuwa langu, nikadhani labda lilifunguka na wakalifunga tena. Niliridhika sana na nafsi yangu. Ramadhani alisema hajawahi kuona maiti mwenye majivuno namna ile.

Masumbwe hadi mgodini

Baada ya Ushirombo tuliiacha barabara kubwa tukaelekea kaskazini. Barabara ya huko imetengenezwa na magari yaliyokwama. Lori lilitupa gunia moja la chumvi bila kuagizwa, na chungu cha abiria mmoja, alichokuwa amekizungushia nguo zake zote, kilipasuka. Nililiinua sanduku langu kila shimo. Mikono iliniuma mpaka mabegani.

Karibu na Katoro springi ya nyuma ilikatika. Ramadhani alikwenda kutafuta mti mgumu wa kuifungia, na sisi tukabaki tunatafuna karanga na kuhesabiana makosa. Tukiwa bado hapo asubuhi yake, Kulwa alitokea kwa baiskeli. Alishuka, akanisalimu, akauliza hali ya sanduku. Nilimwambia ni zima. Aliwageukia abiria wote akawasihi walitunze, wasilirushe ovyo, kwani marehemu alilipenda sana. Halafu akapanda baiskeli yake na kuondoka polepole, akikwepa kila shimo.

Niliona ni mtu muungwana.

Kwenye nyumba ya mashine

Masanja alinipokea kwa kunikumbatia, akanitukana inavyostahili, akanipeleka moja kwa moja kwenye nyumba ya mashine. Sakafu yake ya saruji ilikuwa kavu na kufagiliwa, shaba zote zinang'aa. Injinia, Mzungu mrefu mwenye kikohozi, alikuwa ametuwahi. Turbini ilikuwa imesimamishwa tayari na kasha la glandi limefunguliwa, na pampu za chini zilikuwa zinaendeshwa na mashine ndogo ya mafuta ambayo, injinia alisema, isingeweza kuyashinda maji kwa muda mrefu. Masanja alitandika gunia safi juu ya meza. Mimi nilikata kamba, nikafungua marekani, nikainua kifuniko, nikaondoa pamba.

Ndani kulikuwa na matobolwa. Yalikuwa yamepangwa vizuri sana, kwa duara, matatu matatu.

Masanja alikalia ndoo. Injinia alichukua moja, akaligeuza kwenye mwanga, akalinusa.

"Hizi ndizo mlizokuwa mkitumia baharini?" aliniuliza kwa Kiswahili.

Nilimwambia kwamba pete zenyewe zinakuja kwa baiskeli. Sikuwa na uhakika hata kidogo, lakini ndilo jibu pekee lililokuwepo. Nikatoka nje nikitembea kama mtu asiye na haraka, na nilipopita kona ya nyumba nikakimbia. Nilimkuta Kulwa kambini kwa wachimbaji, amekaa juu ya gunia lake la karanga. Pete zote zilikuwa ndani ya gunia lile, kila kipande kimefungwa kwenye kitambaa chake, hakuna hata kimoja kilichomeguka ukingo. Ukombozi wake ulikuwa mdogo: nilibebe gunia la matobolwa kichwani, nizunguke kambi yote nikinadi, na nikiulizwa niseme mimi ni mtumwa wa Kulwa wa Masumbwe. Nilinadi. Yaliisha upesi. Mmoja wa wanunuzi alisema nina sauti ya kazi hiyo.

Tulifunga pete siku hiyo na asubuhi yake, mimi na Masanja, tukipima nafasi kati ya kila kipande na shafti. Masanja ana mikono mizuri. Injinia alikuja tulipowasha. Tulifungua kwanza koki ya mvuke wa glandi, kisha tukaanza kuvuta utupu, na sindano ya geji ya utupu ikapanda na kukaa pale inapotakiwa. Moshi mwembamba ulitoka shingoni mwa shafti, ukawa matone, matone yakawa kijito kidogo sakafuni. Injinia alisema atakwenda kuangalia pampu na kurudi mchana. Kama sindano itakuwa palepale, jambo limekwisha. Hakusema itakuwaje ikishuka. Masanja alikuwa na watoto watano katika nyumba ya kambi, na nyumba hiyo ilikuwa ya mwangalizi wa turbini, si ya mkata kuni.

Mchana tulisikia gari. Na hapo ndipo nilipouona ugonjwa kwa macho yangu.

Masanja aliruka. Alichukua kitambaa akafuta shaba. Alichukua ufagio akasukuma maji nje. Kisha, bila hata kutazama, kama mtu anayefunga mlango ili mbuzi wasiingie, alizungusha ile koki ndogo ya mvuke wa glandi akaifunga. Moshi ukakatika. Sakafu ikaanza kukauka. Palikuwa panapendeza, palikuwa tayari kwa mgeni. Na sindano ikaanza kushuka.

Hakuwa mwongo, wala mashine haikuwa na chuki. Kila mgeni alipokuja, Masanja alimfagilia uwanja, na kila alipoondoka alifungua koki tena, kwa kuwa ndivyo alivyoelekezwa. Kabla ya asubuhi ile, injinia hakuwahi kuiona turbini hiyo isipokuwa imekabwa koo.

Ningeweza kumwambia. Lakini mlango ulikuwa unafunguliwa, na kumsahihisha mwangalizi mbele ya bwana wake ni kumpeleka kwenye kuni kwa mkono wangu. Basi nilikumbuka kwamba Masanja ni Msukuma. Nilimnyang'anya ufagio, nikamsukuma kwa kiuno mpaka akakalia sanduku la spana, nikaifungua koki kwa fujo. Mvuke ulitoka puu, ukamlowesha yeye, mimi na viatu vya injinia aliyekuwa anaingia.

"Bwana, usinishangae," nilimwambia. "Huyu ni mtumwa wangu, namwadhibu. Anapenda wageni kupita kiasi. Akisikia gari lako anaziba pumzi ya mashine ili usikanyage maji."

Masanja alifungua kinywa kukasirika, akakumbuka kwamba haruhusiwi, akakifunga. Injinia hakucheka. Alitazama koki. Alitazama sakafu. Alitazama geji, na sindano ilikuwa inapanda polepole, ikapita pale ilipokuwa kila alipokuja, ikafika juu, ikatulia. Kisha akamuuliza Masanja kama aliyosema mtumwa mwenzake ni kweli.

"Kweli, bwana," Masanja alisema. "Mgeni hakanyagi matope kwangu."

Injinia alikohoa, akavua kofia, akaifuta. "Mimi si mgeni," alisema. "Koki hii isiguswe. Kesho nitakuja tena, na ninataka nikanyage maji."

Akaondoka. Masanja alikaa pale pale kwenye sanduku la spana, anavuta pumzi. Halafu alinitukana mimi, baba yangu, na samaki wote wa pwani, na nikajua kazi yake imepona.

Kurudi

Niliondoka siku iliyofuata kwa lori lililobeba mapipa matupu, na halina la kusimuliwa. Asubuhi hiyo nilipita nyumba ya mashine kumuaga Masanja. Koki ilikuwa wazi, sindano imetulia, moshi unatoka vizuri. Lakini sakafu ilikuwa imelowa kuliko inavyoweza kulowa kwa mvuke wa glandi, tena mpaka mlangoni. Masanja alikuwa amesimama katikati na debe tupu mkononi.

Nilimwambia maji yanayotakiwa ni yale yanayotoka kwenye shafti, si ya kisimani.

"Najua, mtani," alisema, akaenda kujaza debe jingine. "Lakini mgeni ameomba."